Nilichomwambia mshauri wa ndoa nikiwa peke yangu, nimekisikia kwa mke wangu. Kimefikaje?

#1 Kiti Kirefu
Habari zenu wakuu. Nisaidieni kufikiri, maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi na mke wangu tunaenda kwa mshauri nasaha. Utaratibu wake ni kwamba mnakaa naye pamoja, halafu anamwita kila mmoja peke yake, kisha mnarudi wote wawili. Zamu yangu ya peke yangu aliniuliza najisikiaje nyumbani. Nikamjibu, "Naishi kwangu kama mpangaji anayesubiri notisi." Akaandika kwenye daftari lake, nilimwona. Sijawahi kumtamkia mtu mwingine maneno hayo.

Juzi tumebishana kwa jambo dogo tu, taa iliyoachwa inawaka. Mke wangu akasimama mlangoni akasema, "Basi endelea kusubiri notisi yako." Neno lile lile. Nikanyamaza. Naye akanyamaza, akazima taa, akaenda kulala.

Swali: mshauri anaruhusiwa kumfikishia mwenzangu nilichomwambia faragha? Na kama si yeye, ni nani? Miadi ijayo iko karibu na sioni nitafunguaje mdomo mbele yake.

#2 Baharia wa Bara
Mkuu hapo hakuna mjadala. Chumbani mlikuwa wawili, wewe hujasema, aliyebaki ni nani? Kavujisha huyo. Tafuta mwingine.

#3 Chausiku
Pole sana kaka. Kabla hatujamhukumu mtoto wa watu: siku ya kwanza mlisaini kitu? Kuna washauri wanaandika wazi kwamba hawabebi siri ya mmoja dhidi ya mwingine, na kuna wanaoandika kinyume chake. Ukishasaini, ndiyo makubaliano yenu.

#4 Kiti Kirefu
Tulisaini dada. Nimeitafuta kwenye barua pepe, hii hapa sentensi yenyewe: "Taarifa zote mtakazotoa zitabaki kuwa siri isipokuwa pale sheria inapoelekeza vinginevyo." Zaidi ya hapo ni habari za kughairi miadi.

#5 Chausiku
Basi shimo liko hapo. Hiyo sentensi inawalinda nyinyi wawili dhidi ya watu wa nje. Kuhusu wewe na mkeo haisemi kitu. Wewe umeisoma kama ahadi kwako, na yeye mke wako yawezekana kaisoma kama ahadi kwa wote wawili, na mshauri ana tafsiri yake ya tatu kichwani.

#6 Fundi Saa
Nauliza tu mkuu, usingizini huwa huongei? Maana kuna watu wanatoa hotuba nzima usiku, asubuhi wanashangaa mwenza anajua kila kitu 😀

#7 Kiti Kirefu
Fundi Saa siongei bwana 😀 Angalau sijawahi kuambiwa.

#8 Mnasihi wa Zamani
Salaam kwenu. Kazi hii nimeifanya muda mrefu, naomba niweke maelezo marefu kidogo.

Watu wengi wanakuja kwa unasihi wa ndoa wakidhani ni sawa na kwenda kwa daktari, kwamba siri ni ya mgonjwa na daktari basi. Unapokuja peke yako ni kweli iko hivyo. Mnapokuja wawili, swali la kwanza la taaluma ni: mteja ni nani? Wako wanaosema mteja ni ile ndoa, kwa hiyo chochote kitakachosemwa na mmoja ni mali ya chumba kizima, na mshauri ana uhuru wa kukileta mezani akiona kinazuia kazi. Hii tunaiita sera ya kutotunza siri. Wako wanaosema kila mtu ni mteja kamili, na alichosema faragha kinabaki faragha. Na kuna kundi la katikati, ambalo mimi nimo: nasikiliza, nakushawishi ukiseme mwenyewe, nakusaidia jinsi ya kukisema, na kama ni kitu kinachofanya kazi yetu iwe ya uongo (kwa mfano mmoja tayari kaamua kuondoka na anataka tu ionekane alijaribu) nitasimamisha vikao bila kutaja sababu yako.

Kila njia ina gharama. Ukishika ile ya kwanza, watu hawasemi. Ukishika ya pili, unakuwa na siri ya huyu mfukoni huku unamtazama yule machoni, na siku akigundua kwamba ulijua, anapoteza mume na mshauri kwa mpigo mmoja. Hii nimeiona na inauma, maana yule mtu hatarudi kwa mshauri yeyote tena.

Kisichokubalika katika njia zote tatu ni kuacha watu wakisie. Mimi kabla sijakaa na mtu peke yake namwambia, "Utakachoniambia sasa hivi, hiki ndicho nitakachokifanya nacho." Dakika mbili tu. Mshauri wako alikuambia hivyo kabla ya kukuuliza unajisikiaje?

#9 Kiti Kirefu
Hapana mama. Alinikaribisha tu, akafunga mlango, akaniuliza.

#10 Baharia wa Bara
> Mnasihi wa Zamani: mshauri ana uhuru wa kukileta mezani

Kwa heshima zote mama, mezani ni mbele ya wote wawili. Huyu mke kaambiwa pembeni. Hata hiyo sera yenu ya kutotunza siri hairuhusu mshauri kumnong'oneza mmoja. Bado nasimama pale pale.

#11 Mnasihi wa Zamani
Hapo uko sahihi kabisa Baharia.

#12 Kanuni Kwanza
Niongeze upande wa kanuni. Chama cha Marekani cha matabibu wa ndoa na familia, AAMFT, kimeweka katika maadili yake kwamba kwenye tiba ya wawili au familia, mtabibu hatoi siri ya mmoja kwa wenzake waliomo kwenye tiba hiyo hiyo bila ruhusa ya maandishi ya mwenye siri. Ya maandishi. Kwa hiyo hata mwenye sera ya kutotunza siri anatakiwa awe amewasainisha ruhusa hiyo mapema, si kuitangaza baada ya kuteleza. Vyama vya nchi nyingine vina maneno yao, kwa hiyo mleta mada atazame mshauri wake amesajiliwa wapi.

#13 Nuru Z
Nimekuwa nasoma kimya lakini hii sera ya kutotunza siri imenigusa, acha niseme.

Mume wangu wa zamani alikuwa ananipiga. Hakuna aliyejua. Tulipokwenda kwa mshauri, yeye ndiye aliyekuwa anaongea vizuri, mimi naonekana mkali na mwenye makwazo. Siku mshauri alipokaa nami peke yangu, aliniuliza kwa upole mno nikaona nimwambie. Nikamwonyesha mkono hapa juu ya kiwiko, palikuwa bado pana rangi. Alisikitika, nilimwona kabisa anasikitika. Halafu tuliporudi wote wawili akasema, kwa nia njema naamini, "Kuna jambo mkeo ana uchungu nalo, nadhani ni salama sasa tulizungumze."

Haikuwa salama. Ilikuwa salama kwake, chumbani kwake. Mume wangu alikubali kila kitu pale, akaomba radhi, hadi machozi. Kwenye gari hakusema neno. Sitaandika ya nyumbani.

Kwa hiyo wanaosema mteja ni ndoa, nawauliza: ndoa haina mbavu. Mwenye mbavu ni mtu.

#14 Chausiku
Nuru pole sana mdogo wangu. Upo salama sasa?

#15 Nuru Z
Nipo salama dada, ni miaka ya nyuma. Asante.

#16 Mnasihi wa Zamani
Nuru, asante kwa kuliandika. Hili ndilo sababu hasa ya vile vikao vya mmoja mmoja mwanzoni: kuuliza kuhusu kipigo na vitisho pasipo mwenzako kusikia. Aliyepigwa hawezi kujibu ukweli mbele ya aliyempiga. Na kikishajulikana, hakipelekwi kwenye kikao cha pamoja bila ruhusa ya aliyedhurika na bila mpango wa usalama wake. Washauri wengi husimamisha kabisa unasihi wa pamoja hapo, kila mmoja akaelekezwa kwake. Mshauri anayemwita mtu pembeni halafu ana sera ya kutotunza siri anajenga mtego, hata kama hajui.

Kwa hiyo katika hili nakubaliana nawe mia kwa mia. Ila kwenye siri zisizo na hatari ya mwili, nabaki nilipo.

#17 Mzee wa Rejea
Watu wasisahau kwamba siri ya mshauri si ya milele. Kuna kesi ya Tarasoff, Marekani, 1969. Mahakama iliamua mtabibu akisikia mteja anataka kuua, lazima apige simu polisi. Tangu hapo dunia nzima inafuata.

#18 Kanuni Kwanza
Mzee wangu nirekebishe vitu vitatu. Mwaka 1969 ndipo Tatiana Tarasoff alipouawa, huko Berkeley. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya jimbo la California ulitoka 1974, ukasikilizwa upya na kutoka tena 1976, na huo wa 1976 ndio unaonukuliwa. Pili, polisi waliambiwa! Mtabibu aliwaarifu polisi wa chuo, wakamshikilia kidogo kijana aliyekuwa mteja wake, yule aliyekuja kumuua Tatiana, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Ambaye hakuambiwa ni binti mwenyewe na wazazi wake. Ndiyo maana mahakama ilisema wajibu wa mtabibu ni kuchukua hatua za maana kumlinda anayetishiwa, ambazo zinaweza kuwa kumwonya yeye, kuarifu polisi, au zaidi. Tatu, ni sheria ya California. Majimbo mengine yana zake, na nchi nyingine zina zake.

#19 Mzee wa Rejea
Sawa mwanangu, nimekupata. Ahsante.

#20 Sadiki J
Kwa haya yote ndiyo maana mimi mambo yangu napeleka kwa padri kwenye kitubio. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa haina "isipokuwa". Padri akivunja siri ya kitubio kwa makusudi anajitenga na Kanisa papo hapo. Yohane wa Nepomuk alitupwa mtoni Prague mwaka 1393 kwa sababu alikataa kumwambia mfalme maungamo ya malkia. Nani kati ya hawa washauri wenu atakubali kuzamishwa?

#21 Kanuni Kwanza
Sadiki, kuzamishwa mto Vltava 1393 ni kweli. Lakini habari ya maungamo ya malkia inaonekana kwenye maandishi ya baadaye sana. Wanahistoria wanauhusisha ugomvi wake na mfalme Wenceslaus IV na suala la kumthibitisha abati wa monasteri ambayo mfalme alikuwa na mipango yake nayo.

#22 Sadiki J
Kanisa lilimtangaza mtakatifu 1729 na ndiye anaheshimiwa kwa siri ya kitubio. Mimi nabaki na hilo.

#23 Mama Tatu
Sadiki tunakuheshimu lakini kitubio ni cha dhambi zako wewe. Mkeo akitaka naye kusema lake mbele yako mtakaa wawili kwenye kitubio?

Na kwa upande wetu Waislamu, An-Nisaa aya ya 35 inataja mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Hao ni wasuluhishi. Wanajua mambo ili wapatanishe, na kila mmoja anatoka upande unaojulikana. Kinachowachanganya watu kwa mshauri nasaha ni kwamba anaonekana hana upande, halafu mtu akikaa naye peke yake anajisikia amepata mtu wa upande wake. Mleta mada nadhani ndilo lililomuuma. Alidhani amepata wa kwake.

#24 Fundi Saa
Mama Tatu hapo umenena.

#25 Dada wa Programu
Mnazungumzia mshauri wa ana kwa ana tu. Sisi tunaotumia ushauri wa kwenye simu je? Nchini Finland wahalifu waliingia kwenye kumbukumbu za kampuni ya tiba ya nafsi iitwayo Vastaamo, na mwaka 2020 wakaitaka kampuni ilipe, ikakataa, wakaanza kuwaandikia wagonjwa mmoja mmoja: lipa yuro 200 kwa bitcoin au maelezo ya vikao vyako yanawekwa wazi. Makumi ya maelfu ya watu. Mahakama ilimhukumu mtu mmoja miaka 6 na miezi 3 mwaka 2024. Fikiria aliyekuwa amemwambia mtabibu wake kitu kuhusu ndoa yake ambacho mwenza hakijui.

Na bila wahalifu pia: mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha wa mtandaoni, kwa kupeleka taarifa za watumiaji kwa Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi faragha. Walitakiwa kulipa dola milioni 7.8. Hapo hakuna mshauri aliyefungua mdomo. Barua pepe yako tu na majibu ya yale maswali ya mwanzo yanatosha kusema kwamba unatafuta msaada.

#26 Baharia wa Bara
Dada umenitisha. Mimi na mke wangu tunashea akaunti ya barua pepe, na miadi yote inaingia humo.

#27 Dada wa Programu
Tenganisha leo mkuu. Wengi "wanavujiwa" kwa njia hiyo: ujumbe wa kukumbusha miadi, simu iliyoachwa mezani, muhtasari wa kikao uliotumwa kwa anwani ya familia. Kiti Kirefu, mshauri wako hutuma muhtasari?

#28 Kiti Kirefu
Hutuma, lakini huwa ni mistari miwili mitatu ya mazoezi ya nyumbani. Nimeifungua yote jana. Neno notisi halimo.

Ila nimepata jipya. Nilimuuliza mke wangu, kwa upole. Akasema, "Ulilisema wewe mwenyewe, ukiongea na dada yako kwenye simu, upo kibarazani." Nimempigia dada, anasema hakumbuki. Mimi sikumbuki kabisa kulisema. Mke wangu kashikilia, na akaongeza kwamba mshauri hajawahi kumwambia lolote langu. Sijui nimwamini nani, pamoja na kichwa changu.

#29 Fundi Saa
Nilisema unaongea usingizini, kumbe ni kibarazani. Nilikaribia 😀

#30 Baharia wa Bara
Mkuu usikubali haraka. Mtu akitaka kumlinda mshauri atasema hivyo hivyo.

#31 Mchana Kweupe
Nina wazo tofauti, limenitokea mimi. Nilikuwa na mshauri aliyekuwa anapenda kuokota maneno ya watu. Mume wangu alimwambia peke yake kwamba anajisikia "amewekwa benchi". Kikao changu cha peke yangu, mshauri ananiuliza, "Unadhani kuna wakati mwenzako anajihisi yuko benchi?" Hakuona kama anatoa siri. Lile neno lilikuwa limeshamganda mdomoni. Mimi nikalichukua bila kujua, nikalitumia nyumbani, mume akabadilika sura. Tulikuja kuelewa baada ya muda kilichotokea, na mshauri tulipomweleza alishangaa kweli kweli.

Kwa hiyo inawezekana mshauri wako hajavujisha kwa makusudi, na mkeo hadanganyi, na neno bado limetoka kwenye daftari lile.

#32 Mnasihi wa Zamani
Hili la Mchana Kweupe hutokea kuliko tunavyopenda kukiri katika taaluma. Tunafundishwa kurudia maneno ya mteja ili ajue amesikika. Ukiwa na wateja wawili wa nyumba moja, maneno ya huyu yanachomoza ukiongea na yule. Ndiyo moja ya kazi za msimamizi wetu wa kitaaluma, yule tunayempelekea kesi bila majina: anakuuliza, "Hilo neno ni lako au la nani?"

#33 Sadiki J
Kumbe na nyinyi mna wa kumsimulia. Basi siri inajulikana na watatu.

#34 Mnasihi wa Zamani
Ndiyo, na mteja anapaswa kuambiwa tangu mwanzo kwamba msimamizi yupo. Kufanya kazi hii bila msimamizi ni hatari zaidi kwa mteja, Sadiki.

#35 Chausiku
Jamani, posti zaidi ya thelathini na hakuna aliyeuliza kuhusu huyu mke. Tuseme kalisikia popote pale. Kasikia mume wake anajiona mpangaji kwenye nyumba wanayoishi wote. Kakaa nalo kimya mpaka siku ya taa. Kaka, mbali na nani alivujisha, mmeshaongea kuhusu lenyewe?

#36 Kiti Kirefu
Bado dada. Kila nikianza tunaishia kwenye nani alisema nini wapi.

#37 Nuru Z
Chausiku naelewa unakotaka kufika, lakini tusimwambie mtu ambaye imani yake imeguswa kwamba aruke moja kwa moja kwenye kuongea. Ana haki ya kujua njia kwanza. Bila hivyo kila atakachosema kikaoni atakipima mara mbili.

#38 Baharia wa Bara
Nuru kasema kweli. Kiti Kirefu, omba faili lako. Lione daftari lile limeandikwa nini.

#39 Kiti Kirefu
Inawezekana kisheria? Faili ni la wote wawili.

#40 Kanuni Kwanza
Inategemea uko wapi. Umoja wa Ulaya, tangu 25 Mei 2018 kanuni ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, kifungu cha 15 inakupa haki ya kupata nakala ya taarifa zako, lakini kifungu hicho hicho kinasema nakala hiyo isiathiri haki za wengine. Kwa faili la wanandoa maana yake ni kwamba ya mkeo yanaweza kufutwa kwa wino mweusi kabla hujapewa. Marekani ni kinyume: kumbukumbu za kawaida za matibabu unapewa, lakini yale maandishi ya mtabibu kuhusu mazungumzo, yakihifadhiwa mbali na faili, sheria yao ya taarifa za afya, HIPAA, haikupi haki ya kuyaona.

Na ujue faili litakuonyesha kilichoandikwa kuhusu wewe. Kilichosemwa kwa mdomo kwenye zamu ya mkeo, hata kama kimeandikwa, kipo upande wake, na ruhusa ya kukuonyesha ni yake.

#41 Kiti Kirefu
Asante mkuu. Nimemwandikia mshauri nikiomba tuanze kikao kijacho kwa kuandika sera ya siri upya, sisi watatu. Kajibu amekubali. La notisi kasema atalizungumza tukiwa wote wawili, si kwa simu.

#42 Baharia wa Bara
Na akikana?

#43 Mama Tatu
Na akikubali je? Baharia nawe, mwache mwenzio aende kwanza. Kiti Kirefu utuletee mrejesho.